Nilichojifunza kwa watu wanaonipa nyimbo zao

Dar mtu akikuuliza unasikiliza muziki gani hajakuuliza swali dogo. Ukijibu tu ameshajua, au anaona ameshajua, umri wako, mtaa uliokulia, na kwenu redio ilikuwa inafunguliwa stesheni gani. Ukisema taarab unaonekana mtu wa maneno, ukisema singeli unaonekana mhuni, ukisema Sikinde, bendi ya dansi ya zamani, wanakuamkia shikamoo hata kama ndo kwanza umemaliza chuo. Mimi huu mchezo wa kupeana nyimbo nimeanza nao shule ya msingi Temeke mpaka leo nina watoto, na kiukweli umenipa marafiki ambao kwa njia nyingine nisingewapata, ndo mana naumia nikiona watu wanarushiana linki kuanzia asubuhi mpaka usiku alafu hakuna aliyesikiliza hata moja.

Sisi tulianzia kijiwe cha kahawa Sinza, watu wa kahawa na kashata jioni, baadae tukafungua grupu la WhatsApp mana wengine walihama. Kuna mzee wetu wa Keko, fundi wa samani, huyu ni bendi za Msondo na Sikinde damu. Kuna dada anauza vitenge Kariakoo, kakulia Magomeni, taarab imo ndani yake tangu tumboni mwa mama yake. Kuna dogo wa Mburahati anatengeneza biti za singeli kwenye kompyuta ya zamani, kuna dereva bajaji ambaye kwake muziki ni bolingo, yani dansi la Kongo, tu na mengine ni matangazo, na mimi ni mtu wa bongo fleva ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wengine walikuja baadae.

Mwanzoni grupu lilikuwa linajaa nyimbo mpaka simu za watu zinaandika nafasi imeisha. Bando linakwenda, hakuna anayesema lolote, mtu anatuma wimbo anaoupenda kuliko vyote maishani mwake na chini yake ndani ya dakika moja kuna mwingine katuma wa kwake. Yule dada wa vitenge ndo aliyesema basi, kuanzia leo wimbo mmoja kwa siku, kwa zamu, mwenye zamu anaweka na voisi ya kueleza kwa nini anaupenda na tusikilize nini, na mtu asiseme kitu mpaka wimbo umeisha. Waliona anatufanya wanafunzi, wachache wakatoka. Waliobaki ndo hao ninaowaongelea hapa, na kila nilichojifunza kuhusu kumpa mtu wimbo kimetokana na ile sheria yake.

Nianze na mzee wa Keko mana kwake ndo kuna mengi.

Sisi tuliozaliwa wakati kaseti zinaelekea kuisha tumezoea wimbo wa dakika tatu nne. Muziki wa dansi haukupangwa hivyo. Zamu yake ya kwanza mzee alituwekea "Neema" ya DDC Mlimani Park, yani Sikinde, ile ambayo sauti ya Cosmas Chidumule iko mbele, na mimi nikasikiliza kama dakika mbili nikaandika mzuri sana mzee wangu. Akanijibu kwa voisi, taratibu kabisa, "Mwanangu wimbo hujausikia bado, umesikia salamu tu." Akaeleza. Kwenye dansi sehemu ya kwanza ni ya mashairi, unapewa kisa, waimbaji wanapokezana na kuitikiana, tarumbeta na saksafoni zinaingia kujibu. Alafu kuna mahali wimbo unageuka, ndo chemko, hapo maneno yanapungua, gitaa la solo linachukua usukani, rizimu na besi zinashikana chini, tumba zinaamka, na wale waliokuwa wamekaa ukumbini wanasikiliza kisa wanasimama wote. Bendi ilikuwa inasifiwa kwa sehemu zote mbili. Mashairi yakiwa mazuri na chemko dhaifu watu walikuwa wanarudi kwenye viti, na chemko kali bila kisa ilikuwa haikumbukwi wiki inayofuata. Kwa hiyo mtu akikata wimbo katikati, nusu ambayo bendi ilijiandaa nayo kuliko zote hajaigusa.

Toka siku hiyo nikimtumia mtu wimbo wa dansi namwambia kabisa subiri mpaka ugeuke, wapo wanaonipigia simu wameshangaa.

Kitu kingine kwa huyu mzee, yeye anaweza kukuambia wimbo ni wa miaka gani kwa kusikiliza tu nani anaimba, mana wanamuziki wa Dar walikuwa wanahamahama na washabiki wanahama nao au wanabaki wakilia. Msondo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, chama kikibadilisha jina na bendi inabadilisha, ikawa JUWATA, baadae OTTU, mpaka ikabaki Msondo Ngoma. Mwaka 1978 mwimbaji wake Muhiddin Maalim Gurumo akatoka huko akawa kwenye Mlimani Park, hiyo ndo Sikinde, ambayo mwanzoni ilikuwa ya shirika la teksi kabla ya kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Alafu mwaka 1985 bendi nyingine, Orchestra Safari Sound, ikawanyakua yeye, Hassan Bitchuka na wenzao, ndo ikazaliwa Ndekule. Mzee anasema mtaani kwao watu walinuniana kama ndugu waliogombea shamba. Ukisikiliza "wimbo wa zamani" bila kujua haya unasikia sauti nzuri tu, ukijua unasikia mtu ambaye jana alikuwa upande wa pili. Mimi nilikuwa naziita zote zilipendwa, kapu moja, na huko nyumbani wengi wetu tunafanya hivyo, na nadhani tunawanyima wale wazee haki yao, mana walikuwa wanashindana vikali na kila bendi ilikuwa na mtindo wake na jina lake.

Kaseti zake sasa. Enzi zile nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi Redio Tanzania, bendi nzima kwa mpigo, nyimbo zikabaki kwenye tepu za redio, anayetaka santuri ikabidi itengenezwe Kenya. Mshabiki wa kawaida kupata wimbo ilikuwa ni kukaa karibu na redio kaseti vidole viko kwenye vibonye unasubiri mtangazaji autaje. Kwa hiyo kaseti za mzee nyingi zinaanza na nusu neno la mtangazaji, na nyingine katikati kuna mtu wa nyumbani anaita mtoto. Dogo wa Mburahati ndo aliyejitolea kuzihamisha, waya wa oksi kutoka kwenye tundu la hedifoni la redio mpaka kwenye kompyuta, wimbo unapigwa wote kwa muda wake, hakuna njia ya mkato. Kama na wewe una kaseti za wazee nyumbani chukua hii: usiipige hapo hapo baada ya kukaa miaka, izungushe kwanza mpaka mwisho na uirudishe mana utepe unagandana, na ile hedi ya redio uisafishe kwa pamba na spiriti, la sivyo sauti inatoka kama iko chini ya godoro na unaweza kukata utepe ambao nakala yake haipo popote.

Dogo alitaka kuzikata zile sauti za mtangazaji na za nyumbani kwao mzee. Mzee akakataa, na mimi niko upande wa mzee.

Kutoka hapo wakawa marafiki wale wawili, na ndo ikarahisisha jambo gumu kuliko yote kwenye grupu, singeli. Zamu ya kwanza ya dogo wazee walisema wazi kwamba ni kelele. Biti inakimbia zaidi ya mapigo mia mbili kwa dakika, mtu wa miaka sitini ukimwekea bila maandalizi anatafuta pa kuizima. Dogo hakukasirika wala hakuanza kubishana, zamu yake iliyofuata akaja na mchiriku. Mchiriku wazee wanaujua, vinanda vidogo vya Casio vinapitishwa kwenye spika za pembe zile kama za mikutano, ngoma, na kijana anaimba shida za mtaani mpaka alfajiri, Dar ya miaka ya 90 hiyo. Kundi la Jagwa Music mpaka albamu imetoka Ulaya, mwaka 2012. Mzee wa Keko akafurahi, akaanza kukumbuka shughuli za Temeke zilizokuwa zinafunga barabara. Ndo dogo akasema haya, sasa sikilizeni ninachofanya mimi, akachukua biti yake akaipunguza spidi mpaka nusu akaituma.

Yule dada wa vitenge akapiga simu badala ya kuandika. Alikuwa anapiga kelele, hicho kinanda nakijua, hicho ni cha taarab, nilikuwa nacheza hiyo kwenye harusi ya dada yangu! Na ndivyo ilivyo, singeli ilipokuwa inachipua Tandale, Manzese na Mburahati wale vijana walikuwa wanachukua vipande vya taarab na mchiriku, wanavizungusha, wanavikimbiza, na MC anapita juu yake. Hakuna kilichotoka nje. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya hapo hapo Mburahati na wazungu wakaanza kucheza singeli kwenye matamasha yao, wakati Magomeni bado kuna watu wanaiita fujo. Dada anasema singeli hawezi kupika nayo, ila sasa akipita mahali inapigwa anatega sikio atafute kile kinanda.

Hilo la dogo mimi nimelichukua moja kwa moja. Ukitaka mtu apende kitu kigeni kwake mtafutie kwanza kile ambacho ameshakipenda ambacho ni ndugu yake, umpeleke kutokea hapo. Kumwambia mtu huelewi muziki, umepitwa na wakati, sijaona mahali imefanya kazi.

Taarab ina mambo yake, na huku wanaume tunapita haraka sana. Kwenye taarab wimbo unatumwa kwa mtu. Yani tangu zile za mipasho za miaka ya 90, vikundi vya TOT na Muungano vinajibizana, Khadija Kopa akisimama na kipaza sauti kila mwanamke ukumbini anajua anayesemwa ni nani kwake, anakwenda kutunza pesa pale kwenye mstari unaomhusu na anamwangalia jirani yake huku anatunza. Sasa chukua utamaduni huo uulete kwenye grupu la simu. Kuna mama alituma wimbo bila maelezo, ule wa kumsema mtu anayeingilia ndoa ya mwenzie, na mama mwingine humo ndani ambaye walikuwa hawaelewani kwa mambo ya kikoba akauchukua kuwa ni wake. Ikawa kazi. Aliyetuma anasema mimi nilipenda zumari na sauti, mwenzie anasema zumari gani, hayo maneno nani asiyeyaelewa. Dada wa vitenge alikaa nao wote wawili, kila mmoja akasimulia huo wimbo aliusikia wapi mara ya kwanza, na wa kwanza ikaonekana ni wimbo wa siku aliyojifungua mtoto wake wa pili, ulikuwa unapigwa nyumba ya jirani. Yakaisha vizuri. Kwa hiyo voisi ya maelezo kwenye taarab kwetu ni lazima kweli kweli, na ni nzuri pia kwa sababu inawafanya akina mama waseme mambo ambayo kwenye kijiwe cha kahawa wasingesema mana kijiwe chenyewe hawakai.

Bongo fleva yangu nayo niiseme. Sisi tulikuwa tunaandika mashairi kwenye daftari, unapiga kaseti mstari mmoja, unasimamisha, unarudisha kwa kalamu ili usimalize betri, unaandika, alafu daftari linazunguka darasani na wa Tandika anakuja na mashairi ambayo wa Mtoni hana. Baba yangu alikuwa anaona uhuni, suruali pana na maneno ya kukimbia. Mwaka 2001 Professor Jay akatoa "Ndio Mzee", ile ya mwanasiasa anayeahidi mambo yasiyowezekana jukwaani na umati unaitikia. Niliipiga sebuleni baba yupo. Akanyamaza, akasogea, akasema rudisha. Akasema huyu kijana anasimulia, hiki ni kisa kama cha kina Marijani Rajab, yule mwimbaji wa dansi. Na kwa mtu wa umri wake hiyo ndo ilikuwa sifa ya juu kabisa, Marijani walimwita Jabali la Muziki. Kuanzia hapo nikawa namchagulia zenye visa, nikampa "Starehe" ya Ferooz, ile ya mgonjwa wa Ukimwi anayesimulia maisha yake, na huo hakuwahi kusema neno lolote juu yake ila alinunua kaseti akapeleka kazini kwao ipigwe. Miaka hiyo kila familia ilikuwa na mgonjwa ambaye hasemwi. Mimi na baba yangu hatukuwahi kuzungumza kuhusu Ukimwi ana kwa ana, ule wimbo ndo mazungumzo yetu yote. Professor Jay mwenyewe mwaka 2015 akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, baba alifuatilia matokeo usiku kucha.

Kuna la hapa Sinza nalo linaniuma. Tuna kituo kinaitwa Kwa Remmy, konda anakiita mara ngapi kwa siku, na ukiwauliza wanafunzi wanaoshuka pale Remmy ni nani wanakuambia labda ni mwenye baa. Binamu yangu wa kike alikuja kutoka Mwanza kusoma chuo akakaa kwetu, kila siku anashuka Kwa Remmy. Nikamwambia leo ukipanda daladala kurudi weka hedifoni usikilize "Kipenda Roho" ya Remmy Ongala, ukimaliza utakuwa umefika kwake. Nikamweleza kidogo tu, mtu aliyezaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadae akawa na Super Matimila, akawaimbia wanyonge mpaka wakamwita Dokta, akarekodi kwenye studio ya mwanamuziki Peter Gabriel Uingereza, albamu ya 1989 ina huo wimbo, akaimba kuhusu kondomu wakati ambao kulitaja neno hilo ilikuwa aibu, mwishoni akageukia injili, akafariki Desemba 2010. Binamu alifika nyumbani amepitiliza kituo. Siku hizi anawafundisha wenzie wa chuo, na mimi sijaona njia nzuri ya kumpa mtu wimbo kama kumpa mahali wimbo ulipoishi wakati yuko pale pale.

Sio kila wimbo unashika. Dereva bajaji ametuwekea Franco na Madilu, waimbaji wa Kongo, zamu kwa zamu na ninaheshimu, najua Dar bila Wakongo isingekuwa na bendi ya Maquis wala nusu ya sebene tunazozicheza, na bado kuna nyimbo zake zinanipita kabisa. Namwambia hivyo hivyo, hii haijanishika kaka, nieleze tena wewe unasikia nini. Ananieleza kwa furaha zaidi kuliko ningemdanganya kwamba nimeipenda. Watu wanajua ukisema kali sana kwa kila kitu, na baada ya muda neno lako halina uzito kwao.

Na hili la mwisho sio dogo, tukipenda wimbo wa mtu ambaye bado anapiga tunakwenda. Msondo wakiwa na shughuli mahali tunapoweza kufika tunachanga nauli ya mzee tunaingia mlangoni kwa kulipa, dogo wa singeli ameingia na sisi ukumbini, na sisi tumekwenda kwenye shughuli zake tukakaa mbali na spika. Kaseti za mzee na mafaili ya dogo hayawalishi waliopiga.

Sasa hivi tunabishana kuhusu miksi za DJ. Wanachama wapya wanataka zamu yao waruhusiwe kuweka miksi ya saa nzima, wanasema ndo wanavyosikiliza muziki kwenye daladala na kwenye sabufa nyumbani na sio haki kuwalazimisha wimbo mmoja. Dogo anawaunga mkono, mzee hataki kusikia. Mimi nimewaambia miksi iwekwe ila mwenye zamu ataje ndani yake ni wimbo upi hasa anaoupenda, alafu huo autume mzima, mana DJ anaunganisha vizuri lakini dansi kwenye miksi inakatwa kabla haijageuka. Jumapili tunapiga kura pale pale kijiweni, na yule dada amesema na wale waliotoka kwa hasira siku ile waalikwe.